Pumzi 20 za kila majeruhi: barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za dharura

Kwa wakurugenzi wa hospitali, waratibu wa huduma za dharura, na ninyi mnaoandika miongozo ya kuwahudumia majeruhi,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu namba moja tu, 20. Chukueni mafaili ya majeruhi waliopokelewa mwezi uliopita, mfungue pale panapoandikwa idadi ya pumzi kwa dakika. Mtakuta 20. Fungueni la pili: 20. Aliyegongwa na lori ana 20, aliyeanguka kutoka juu ya jengo ana 20, aliyechomwa kisu ubavuni ana 20, au mkibahatika, 18. Watu wanaovuta pumzi kwa mwendo mmoja namna hiyo labda mtawakuta kwenye kwaya, si kwenye machela za chumba cha dharura.

Nalijua hili kwa sababu mwandishi mmojawapo wa hizo 20 ni mimi. Ni muuguzi wa chumba cha dharura, na kwa miaka mingi niliijaza namba hiyo hata kabla sijamfunua mgonjwa shuka. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo, wala hakuna aliyenikataza. Mgonjwa analia, ndugu wamejaa mlangoni, mshipa wa kuwekea dripu hauonekani, daktari anauliza damu imefika wapi. Nani atasimama dakika nzima akitazama kifua kikipanda na kushuka? Fomu inadai namba, unaipa namba.

Hospitali ninayofanyia kazi, ambayo sitaitaja, imeletewa pendekezo. Kila majeruhi apimwe kwa alama mara anapofika mlangoni, alama zigeuzwe kuwa asilimia ya uwezekano wa kunusurika, na asilimia hiyo isaidie kuamua nani atangulie kwenda chumba cha upasuaji na nani apewe kitanda cha wagonjwa mahututi. Walioileta hoja hiyo wana nia njema. Vitanda ni vichache, majeruhi ni wengi, na uamuzi unaofanywa kwa kelele unachosha. Lakini asilimia hiyo mnataka kuijenga juu ya 20 yangu, na ndiyo maana nimeona nisinyamaze.

Mtu asinisome nusu. Sipingi mifumo ya alama. Nimeishi nayo, na baadhi yake naiheshimu sana. Mizani ya fahamu ya Glasgow ilitolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kabla yake kila mganga alikuwa na maneno yake: huyu aliandika mgonjwa ana usingizi mzito, yule akaandika nusu fahamu, wa zamu ya asubuhi asijue kama mgonjwa amepanda au ameshuka tangu usiku. Mizani ile ilitwambia tutazame mambo matatu tu. Macho yanafunguka vipi, alama 1 hadi 4. Anasemaje, 1 hadi 5. Anajongea namna gani akiambiwa au akifinywa, 1 hadi 6. Mwenye fahamu kamili ana 15, na wa chini kabisa ana 3, maana yake hata maiti hapungukiwi 3. Muuguzi asiye na kifaa chochote, hata tochi, anaweza kuipima, na mwenzake wa zamu inayofuata akaelewa. Kwangu mimi hiyo ndiyo alama iliyokamilika: imezaliwa kitandani pa mgonjwa na inatumika hapo hapo.

Hata hiyo nayo mnaiharibu mnapotaka jumla peke yake. Wagonjwa wawili wenye 9 wanaweza kuwa watu tofauti kabisa. Mmoja hafungui macho wala hasemi la maana lakini akifinywa anausukuma mkono wako, mwingine anakutazama huku mwili umelegea. Teasdale mwenyewe amesisitiza kwamba kwa mgonjwa mmoja mmoja, sehemu tatu zitajwe kila moja peke yake. Fomu zetu zina kisanduku kimoja.

Mwaka huo huo wa 1974, Susan Baker na wenzake walichapisha alama ya ukali wa majeraha, ISS, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa nguzo ya hesabu za kunusurika. Ilisimama juu ya orodha ya majeraha iliyotokana na uchunguzi wa ajali za magari, inayolipangia kila jeraha daraja kuanzia 1, dogo, hadi 6, lisilotibika. Mwili unagawanywa sehemu sita. Unachukua sehemu tatu zilizoumia zaidi, daraja la juu la kila sehemu unalizidisha kwa lenyewe, kisha unajumlisha. Juu kabisa ni 75, na mwenye jeraha la daraja la 6 hupewa 75 moja kwa moja. Kwa desturi, anayezidi 15 anahesabiwa kuwa na majeraha makubwa.

Ni hesabu nzuri kwa urahisi wake, na urahisi huo una bei. Chukua mtu aliyevunjika mifupa ya mapaja yote mawili. Kila paja ni daraja la 3. Lakini mapaja yote yako sehemu moja ya mwili, kwa hiyo moja tu ndilo linalohesabiwa: 3 mara 3, 9. Kwa karatasi, huyu hana majeraha makubwa. Mwenye kuwahi kumlaza mgonjwa wa mapaja mawili, akaona jinsi damu inavyojaa ndani ya misuli bila tone kuonekana nje, hahitaji kuambiwa zaidi. Ndiyo sababu mwaka 1997 Turner Osler na wenzake walipendekeza kuhesabu majeraha matatu mabaya kuliko yote popote yalipo. Kwa hesabu hiyo mtu wetu anapata 18. Na ISS ya 25 je? Unaweza kuipata kwa jeraha moja la daraja la 5, au kwa la 4 na la 3 kwa pamoja, na wenye 25 hizo mbili hawafi kwa kiwango kimoja.

Halafu ikaja alama ya hali ya mwili, ile RTS ya Howard Champion na wenzake ya mwaka 1989. Hii inatazama vitu vitatu: fahamu kwa mizani ya Glasgow, presha kwa ile namba yake ya juu, na pumzi kwa dakika. Kila kimoja kinapewa 0 hadi 4, kisha kinazidishwa kwa uzito wake: fahamu 0.9368, presha 0.7326, pumzi 0.2908. Aliye sawa kwa yote anapata 7.8408. Pumzi kati ya 10 na 29 zinapewa 4 kamili. Hapo mtaona kwa nini 20 inapendwa: iko katikati ya bonde salama, haimshtui mtu.

Mwaka 1987, kabla hata RTS haijachapishwa katika sura yake ya sasa, ilikuwa tayari imeundwa njia ya kuunganisha hali ya mwili, ukali wa majeraha, umri, na kama mtu ameumia kwa kugongwa au kuanguka, ama kwa kuchomwa kisu au kupigwa risasi. Njia hiyo inaitwa TRISS. Unaingiza vitu hivyo vinne, inatoka asilimia. Hii ndiyo asilimia inayotajwa kwenye pendekezo nililoletewa, na ndipo ninapoanza kutoelewana nalo.

Kwanza kabisa, haiwezekani kuipata mlangoni. Ukali wa majeraha, ile ISS, haujulikani mgonjwa anaposhushwa kwenye gari. Unajulikana baada ya skani, baada ya daktari wa upasuaji kufungua tumbo, na mara nyingine baada ya uchunguzi wa maiti. Anayekaa kuupanga ni mtu aliyefunzwa, mwenye faili lililokamilika mbele yake, siku kadhaa baadaye. Anayejaza ISS dakika ya tano anabashiri, kisha kompyuta inaupa ubashiri wake tarakimu mbili baada ya nukta, na kila anayeisoma anadhani kuna mtu amepima. Waliobuni TRISS hawakuibuni kwa ajili ya mlango. Waliibuni ili hospitali itazame nyuma ilivyofanya kazi. Sielewi tulifikaje mahali pa kuigeuza kuwa bawabu.

Pili, umri. Katika TRISS umri una hali mbili tu: chini ya miaka 55, au 55 na kuendelea. Nimekaa na kikokotoo usiku mmoja wa zamu tulivu. Nikachukua mtu aliyegongwa, mwenye 7.8408 kamili na ISS ya 25, kwa vizidishi, yaani namba ambazo fomula huzidisha nazo kila kitu, vilivyorekebishwa miaka ya 1990 ambavyo bado vinatumika sana. Akiwa na miaka 54, uwezekano wake wa kunusurika ni karibu asilimia 98. Siku anapotimiza 55, kwa majeraha yale yale, ni karibu asilimia 89. Kwa hesabu hii, keki ya siku ya kuzaliwa imemgharimu pointi tisa. Na kuanzia hapo haizeeki tena: wa miaka 56 na wa miaka 90 ni marika. Kwa kulinganisha maelfu ya wagonjwa, ukali huo wa mipaka unavumilika. Kwa kuamua kati ya wagonjwa wawili walioko kwenye machela usiku huu, haufai hata kidogo.

Tatu, vizidishi vyenyewe vimetoka wapi? Vimetokana na utafiti mkubwa uliokusanya habari za majeruhi zaidi ya 80,000 katika hospitali 139 za Amerika Kaskazini kati ya 1982 na 1987. Ilikuwa kazi ya kuheshimika. Lakini ni wagonjwa wa wakati ule, waliobebwa na magari yale, wakaongezewa damu kwa taratibu zile. Ukivichukua vizidishi hivyo ukavipeleka mahali ambapo majeruhi anafika saa sita nzima baada ya kuumia, au mahali ambapo tiba imesonga mbele miongo minne, asilimia itatoka vilevile. Kompyuta haina haya. Inaweza hata kuwapanga wagonjwa vizuri, walio hatarini zaidi juu na wenye nafuu chini, na bado asilimia zenyewe zikawa za uongo: ikasema 90 mahali ambapo kwa kweli wanapona 75. Hayo ni mambo mawili tofauti, kupanga na kukadiria, na anayewauzia programu atawaonyesha la kwanza na kulinyamazia la pili. Muulizeni.

Sasa niwasimulie kuhusu kijana mmoja. Alikuwa ameanguka na pikipiki. Alifika anazungumza, anauliza simu yake iko wapi. Fahamu 15. Presha 112. Mapigo ya moyo 126. Pumzi, nikaandika 20. Kwa RTS yote matatu yalikuwa 4, jumla 7.8408, hakuna wa juu yake. Nikamkalisha kwenye benchi la ukumbini kwa sababu kulikuwa na mzee anayechuruzika damu kichwani, na damu inayoonekana hutangulia daima. Muuguzi mgeni aliyekuwa akijifunza kwangu aliniuliza, "Sista, wa benchi nimwandikie nini?" Nikamwambia yuko sawa. Baada ya dakika kama 40 kijana akaacha kuuliza habari za simu. Wengu ulikuwa umepasuka. Alifia mezani, chumba cha upasuaji.

Nimeirudia fomu yake mara nyingi. Mambo mawili yamenikaa.

La kwanza ni kwamba mapigo yake ya moyo niliyapima kweli, yakawa 126, nayo hayana nafasi katika RTS. Hayamo. Mtu mzima mwenye mwili imara anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake kabla presha haijashuka waziwazi; moyo unakimbia, mishipa inajibana, ngozi inapoa, na ile namba ya juu inabaki inapendeza. Tangu 1967 Allgöwer na Burri walikwisha kuonyesha hesabu nyepesi kuliko zote: gawanya mapigo ya moyo kwa presha ya juu. Kwa mtu mzima aliye salama jibu liko chini sana ya 1, kati ya 0.5 na 0.7 hivi. Kijana wangu, 126 kwa 112, alikuwa na zaidi ya 1.1. Hesabu hiyo ningeifanya kichwani. Sikuifanya kwa sababu fomu haikuiuliza, nami nilikuwa nimezoea kujibu fomu.

La pili ni lile la pumzi, na hapa naomba mnifuatilie maana linapingana kidogo na nilivyoanza. Nilijiuliza: kama ningehesabu nikakuta 32, alama ingebadilika kiasi gani? Ingeshuka kutoka 7.84 hadi 7.55. Na baadaye, majeraha yake yalipopangwa, akapata ISS ya 16. Kwa TRISS, pumzi 20 zinampa uwezekano wa asilimia 98.96. Pumzi 32 zinampa asilimia 98.69. Zikikadiriwa kwa namba nzima iliyo karibu, zote ni 99. Yaani uzembe wangu haukuidhuru fomula hata kidogo, na fomula hata kwa ukweli wote isingemwondoa kwenye benchi. Ambacho kingemwondoa ni dakika yenyewe. Ningesimama mbele yake dakika nzima nikitazama kifua chake, ningeona midomo imepauka, ningeona anavyobadilisha mkao ili asilalie upande wa kushoto, ningegusa mkono ukawa wa baridi. Kuhesabu pumzi ndiyo kisingizio pekee kilichobaki katika kazi yetu cha kumtazama mgonjwa bila kumfanyia chochote. Hicho ndicho nilichokiruka nilipoandika 20.

Mtaniambia: asilimia 99 maana yake mmoja katika mia atakufa, na huyo alikuwa mmoja. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu hasa. Asilimia ile inazungumzia watu mia wanaofanana naye kwa vitu vinne vilivyopimwa. Haisemi yeye ni yupi kati yao. Wa asilimia 20 vilevile: katika mia wanaofanana naye, 20 watatoka wakitembea au wakisukumwa kwenye kiti, na hakuna namba itakayokuonyesha ni nani. Mkiwasogeza wote mia nyuma ya foleni, wale 20 nao watakufa, na mwisho wa mwaka daftari litasema alama ilitabiri sawasawa. Halafu mtu atachukua daftari hilo kutengenezea mfumo mpya. Naona sasa zinakuja programu zinazojifunza zenyewe kutokana na kumbukumbu za hospitali. Zitajifunza kwamba binadamu akigongwa na lori anavuta pumzi 20.

Basi alama hizi zifanye kazi gani? Ile zilizoundiwa, na ni kazi kubwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uhai wa majeruhi ndivyo unavyopotea: kila anayekufa tunasema aliumia sana, tunafunga faili. TRISS au mfumo wowote wa jamii yake unatuwezesha kukusanya wagonjwa wa miezi kadhaa, kujumlisha uwezekano wao na kuuliza: kwa majeraha haya, walitarajiwa kupona wangapi, na wamepona wangapi? Ikiwa kati ya 100 walitarajiwa 88 na wamepona 85, tumewapoteza watatu zaidi ya matarajio, na tuna swali la kujibu. Kisha tunawatafuta walioshangaza: aliyekuwa na zaidi ya nusu ya matumaini akafa, aliyekuwa na chini ya nusu akapona. Mafaili yao yanasomwa mezani, daktari, muuguzi, dereva, wa maabara, wote wamekaa. Kijana wangu angeonekana hapo mara moja. Asilimia 99, amekufa: soma fomu yake. Kwa kazi hiyo namba ile ile ninayoilaumu mlangoni inakuwa rafiki.

Lakini hata kwa kazi hiyo, tahadhari mkianza kulinganisha hospitali na hospitali na kubandika majina ukutani. Kuna kipimo kinachoitwa M kinachoonyesha kama wagonjwa wenu wanafanana kwa ukali na wale wa utafiti wa awali. Kikiwa chini ya 0.88, matokeo hayalinganishiki hivi hivi. Kuna wagonjwa waliofika wakiwa na mpira wa kupumulia kooni, ambao hawawezi kupimwa usemi. Kompyuta nyingi zinawatupa nje ya hesabu kwa kukosa data, nao ndio waliokuwa mahututi kuliko wote. Kuna hospitali inayomhamishia mwenzake kila anayeelekea kufa, ikaandika ameondoka akiwa hai. Na kuna jambo linaloniudhi kuliko yote: mkiboresha magari ya wagonjwa, vifo ndani ya hospitali vinaweza kuongezeka. Aliyekuwa anafia barabarani sasa anafikishwa kwangu akiwa na mapigo ya mwisho. Na anayefika saa sita baada ya kuumia tayari amekwisha kujithibitisha kuwa si wa kufa haraka. Hospitali yenye gari bovu itaonekana bingwa. Msipolijua hilo mtawaadhibu waliofanya vizuri, nao mwaka unaofuata watajifunza kuandika namba nzuri. Sisi wa chini tunajifunza upesi.

Sitaki nionekane nalalamika bila kuomba. Naomba asilimia iondolewe kwenye fomu ya mlangoni. Yote. Isiwekwe hata kama ushauri, maana ushauri wenye nukta mbili za desimali husomwa kama hukumu saa nane usiku.

Mlangoni tupeni kitu chepesi. Alama ya Kampala, iliyobuniwa Uganda na Olive Kobusingye na Ronald Lett miaka ya 1990, inatumia umri, presha, pumzi, hali ya fahamu kwa ngazi nne tu, yaani yuko macho, anaitika akiitwa, anaitika akifinywa, haitiki kabisa, pamoja na idadi ya majeraha makubwa. Inaanzia 5 hadi 16, unaijaza kwa kalamu, haihitaji skani. Wajapani wana GAP ya 2011: unachukua mizani ya Glasgow kama ilivyo, unaongeza 3 kama mgonjwa hajafika miaka 60, unaongeza 6 kama presha imezidi 120 au 4 kama iko kati ya 60 na 120. Basi. Hao wameikwepa pumzi kabisa, na nawaelewa, ingawa mimi nachagua ile ya Kampala kwa sababu inanilazimisha kutazama kifua. Chochote mtakachochagua, ongezeni mstari mmoja wa mapigo ya moyo kugawanywa kwa presha. Na kiwe cha kupandisha tu: alama mbaya imtangulize mgonjwa mbele, alama nzuri isimrudishe nyuma kamwe pale macho ya muuguzi yanapokataa.

Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, mbele ya kila machela. Ni ombi dogo hata naona aibu kuliandika kwenye barua ya wazi, lakini nimeliomba kwa barua za kawaida.

Kwa hesabu za nyuma, mwajiri mtu wa kupanga majeraha. Msimpe muuguzi wa zamu, wala mwanafunzi wa likizo. Apewe muda, apewe ripoti za upasuaji na za uchunguzi wa maiti, na aruhusiwe kuandika "haikupimwa" pale ambapo haikupimwa. Neno hilo lina thamani kuliko namba 20 iliyoandikwa mara elfu moja. Wagonjwa wafuatwe hadi siku ya 30 popote walipohamishiwa. Mkishapata wa kutosha, mtafute wataalamu wa takwimu wavipime vizidishi upya kwa wagonjwa wenu wenyewe, kabla hamjaamini asilimia yoyote. Na aandikwe pia aliyenusurika lakini hawezi kushika kijiko. Kwa alama zote nilizotaja, huyo ni ushindi mtupu.

Kikao cha kusoma vifo kisiwe mahakama. Nimekiri hapa kuhusu kijana yule kwa sababu barua hii haina jina langu. Katika kikao cha sasa nisingethubutu, na nyie mngebaki na faili linalosema alikuwa anavuta pumzi 20.

Rasimu ya fomu mpya niliyoonyeshwa ina kisanduku cha asilimia juu kabisa, kimezungushiwa mstari mzito, na nafasi ya pumzi iko chini kando, ndogo kiasi kwamba tarakimu mbili zinagusana. Naomba isipelekwe kwa mpiga chapa bado. Njooni kwanza zamu moja ya usiku, mmoja wenu tu, asimame na saa mkononi.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa chumba cha dharura